Stendi ya mbao ya tandiko la farasi: acha nafasi katikati

Ukitengeneza stendi ya tandiko, usiliweke juu ya mti mmoja mwembamba. Uzito wote utaangukia mstari wa kati, na mito ya chini ya tandiko, yaani zile sehemu laini zilizojazwa zinazokaa pande mbili za mgongo wa farasi, itapoteza umbo lake taratibu.

Chukua mbao mbili za urefu wa sentimita 60 hivi, upana wa 15, uziinamishe kama paa la nyumba. Muhimu ni kwamba zisikutane juu: acha uwazi wa sentimita 5 au zaidi. Tandiko hukaa juu ya mito yake, kama linavyokaa mgongoni mwa farasi, na hewa inapita chini kukausha jasho. Ngozi isiyopata hewa huota ukungu haraka sana.

Miguu itanue chini ili isipinduke. Vichwa vya skrubu vizamishe ndani ya mbao, kisha piga msasa kingo zote, hasa ile ya mbele, maana hapo ndipo ngozi hukwaruzika wakati wa kulipandisha. Ukipaka vanishi, subiri ikauke kabisa. Ikinatanata kidogo tu itashika ngozi. Halafu stendi ikae mbali na jua.