Kubadilisha wayaringi ya nyumba ya Ngamiani: leseni, nyaya na vipimo

Nyumba ya vyumba sita ya Ngamiani, Tanga, yenye ujia katikati na uani nyuma, mara nyingi iliwekewa umeme wa taa na soketi chache tu. Leo kila mpangaji ana friji, pasi na jagi la maji, na nyaya ni zile zile. Kuongeza soketi juu ya nyaya hizo ni kuukaribisha moto. Ng'oa zote, anza upya.

Kwanza leseni. Chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, Sura 131, kufunga umeme ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Leseni hutolewa kwa madaraja, na kila daraja lina mipaka yake: nyumba ya fezi moja na karakana ya fezi tatu si kitu kimoja. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kinaonyesha umesomea ufundi, lakini si leseni. Mwenye nyumba aombe kuiona leseni yenyewe, asome jina, daraja na tarehe ya kuisha. Ubaya mkubwa ni kuazimana muhuri wa mwenye leseni: anayegonga hajakanyaga nyumba wala hajapima chochote. Muhuri wako ukiwa kwenye karatasi, kazi ni yako, hata kama tindo alishika mwingine.

Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO. Usikate lakiri, yaani muhuri unaoifunga. Kuzima meni swichi hakuui nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwenye swichi hiyo, kwa hiyo kama utazigusa, TANESCO waje wakate kwanza. Halafu hakikisha kwa testa kabla ya kushika.

Sasa nyaya, na hapa ndipo wengi hukosea. Waya wa shaba wa 2.5 mm² ndani ya paipu hubeba takriban ampea 24 kwenye joto la nyuzi 30. Juu ya dari, chini ya bati la Tanga mchana, joto hufika 50 kwa urahisi, na hapo uwezo wake hushuka hadi kama ampea 17. Breka ya ampea 20 haiulindi tena: ganda la waya linaiva polepole, breka imetulia. Kwa hiyo soketi ziwe na 2.5 mm² na breka ya 16, taa 1.5 mm² na breka ya 10 au 6. Kila saketi ipite paipu yake, maana saketi mbili kwenye paipu moja hupashana joto na uwezo hushuka zaidi. Tumia paipu za plastiki. Za chuma huliwa na chumvi ya bahari, kisha kingo zake zikakwaruza nyaya.

Ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, nayo haieleweki vizuri. Wengi huamini fimbo yake ya chuma ikishapigwa ardhini, basi. Piga hesabu: ikiwa ukinzani wa fimbo ni omu 20, friji ikivuja kwenye bodi yake, mkondo ni 230 ÷ 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 16 haikati, na bodi ya friji inabaki na umeme ikimsubiri mtoto aliyetoka kuoga. Ndiyo maana RCCB ya miliampea 30, swichi inayokata yenyewe umeme kidogo tu unapovuja, ni lazima, wala si anasa.

RCCB ikikatakata ovyo baada ya kufungwa, usiitoe. Tafuta nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya kuazima: taa ya uani inayochukua fezi (waya wenye umeme) ya saketi moja na nyutro ya nyingine iliyo nje ya RCCB hiyo, au nyutro iliyogusana na ethi ndani ya boksi la soketi. Nyumba za wapangaji zenye mita ndogo za ndani zimejaa hizi.

Kabla ya kuwasha, chomoa balbu na vyombo vyote, kisha pima. Ethi ifike kila soketi bila kukatika. Kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linazuia umeme, kati ya fezi na nyutro, halafu kati ya hizo mbili na ethi, usikubali chini ya megaomu 1. Waya mpya hutoa zaidi ya hapo kwa mbali, na namba ndogo maana yake kuna maji kwenye boksi au msumari umepita kwenye waya. Hakikisha kila swichi inakata fezi, si nyutro. Ukishawasha, pima RCCB kwa kipimo chake: kwenye miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Kitufe chake cha kujaribia kinathibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi, lakini hakikuambii lolote kuhusu ethi yako.

Andika namba hizo saketi kwa saketi, pamoja na jina, namba ya leseni na tarehe. Nakala moja mwachie mwenye nyumba, nyingine ibaki kwako.