Mjomba Mjuaji: mchezo wa kuwachanja wanafunzi dhidi ya uongo kuhusu tabianchi

Nafundisha Gredi ya 8 karibu na Ahero, kaunti ya Kisumu, ambako mto Nyando ukivunja kingo watoto huja shule wakitokea kambini. Uvumi kuhusu mvua na joto huwafikia kwenye simu za nyumbani kabla sijafungua kitabu, na kuwaambia tu "huo ni uongo" hakusaidii. Wanahitaji chanjo: waonjeshwe uongo uliopunguzwa makali, ili wautambue watakapokutana nao mzima. Wazo hilo lilitoka kwa William McGuire, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1960. John Cook wa Australia akalifanya mchezo wa simu wenye vichekesho. Mimi natumia chaki na koti kuukuu.

Anza na ukweli, uandike juu kabisa ubaoni: dunia imepata joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, na chanzo ni binadamu, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Chini yake andika hila: mtaalamu bandia, kupamba mdomo wa gunia, hoja iliyopinda, kutaka wanasayansi wawe na uhakika wa asilimia 100 ndipo waaminiwe, kusingizia njama. Hiyo ya gunia wanaielewa upesi, maana wameona mahindi safi juu na yaliyooza chini.

Sasa mwanafunzi mmoja avae koti, ashike gunzi kama maikrofoni, awe Mjomba Mjuaji anayepotosha, na wenzake wataje hila yake. "Juzi nimelala Kericho na blanketi 3! Joto la dunia liko wapi?" Darasa linapiga meza: "Gunia!" Mjomba anajaribu tena: "Daktari wangu wa meno amesema..." "Mtaalamu bandia!" Hawamngoji hata amalize.

Tenga muda wa kutosha kwa hila ngumu, ile inayobebwa na jambo la kweli. Mjomba anasema: "Ziwa Victoria lilifurika miaka ya 1961 hadi 1964. Basi mafuriko ya 2020 na 2024 ni ya kawaida tu." Wengi watapaza sauti, "Uongo!" Wazuie. Mafuriko hayo ya zamani yalitokea kweli. Kilichopinda ni hiyo "basi". Msichana mmoja aliyekaa dirishani alimjibu vizuri kuliko mimi: "Mjomba, watu walivunjika miguu kabla ya bodaboda kuja. Basi bodaboda hazivunji mtu?"

Cheka hila, usicheke mafuriko, kwani mle darasani mna waliopoteza nyumba. Mjomba pia asiigize mzee yeyote wanayemjua.

Angalia saa. Muhula wa kwanza kengele ilinikuta Mjomba bado anatamba, na kesho yake watoto 3 walikuwa wakirudia maneno yake kama ukweli. Iliniuma sana. Siku hizi dakika 10 za mwisho kila kikundi kinatunga ujumbe wake wa kupotosha, kinausoma, na wenzao wanaandika jina la hila juu yake kwa wino mwekundu. Karatasi nazikusanya zote mlangoni.