Kabla ya Mvua Dodoma: Kujiandaa na Wadudu wa Nyasi za Uwanja wa Gofu

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wadudu nao hufuata ratiba hiyohiyo, kwa hiyo mtunza uwanja ajiandae Oktoba, ardhi ingali kavu.

Wa kuogopwa zaidi ni viwavijeshi. Nondo wao husafirishwa usiku na upepo, wakatua penye mvua za kwanza na kutaga mayai yanayoanguliwa baada ya siku chache tu. Ukoka ni chakula chao kizuri. Kiwavi mchanga hula kidogo mno hata usimtambue. Ulaji wake mkubwa ni wa siku za mwisho, kabla hajajifukia ardhini kuwa pupa. Ukisubiri uone nyasi zimeliwa hadi shina, dawa utakayopuliza itakuwa ya hasira tu. Makedi (wabeba mifuko ya wachezaji) wafundishwe, maana wao ndio wanaozunguka uwanja kila siku: wakiona yangeyange wamekusanyika wanadonoadonoa sehemu moja, waseme siku hiyohiyo.

Nunua mapema sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya kuwatoa wadudu waliojificha uwaone. Vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo ya lita 8, mwaga juu ya mita moja ya mraba asubuhi au jioni, kisha subiri dakika 10. Viwavi, sota na chenene watapanda juu wenyewe. Rudia kila wiki tangu mvua ya kwanza, ukianzia kwenye grini (eneo la nyasi laini lenye shimo la mpira), kwani nyasi zake hukatwa fupi sana na hazina akiba ya kujiponya.

Funza weupe, watoto wa mbawakawa, hawatoki kwa sabuni. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kifunue kama zulia, uchimbue hadi sentimita 10. Wakiwa chini ya watano na nyasi zina afya, waache. Wakizidi kumi, chukua hatua. Kiangazi nacho kisikusahaulishe: grini inayomwagiliwa huwa kijani peke yake katikati ya ukame, na mbawakawa hupenda kutaga kwenye udongo wenye unyevu.

Doa la njano si lazima liwe mdudu. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, na bomba la kumwagilia lililoziba huleta doa lilelile. Chimba kwanza, ndipo ufikirie dawa.

Kuhusu dawa, hakikisha imesajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), lebo yake inasomeka, na glavu, barakoa na buti viko stoo kabla ya msimu. Viwavi wakiwa bado wadogo, dawa za bakteria aina ya Bt zinatosha, nami ningeanza nazo. Mwarobaini, ambao Dodoma umejaa, husaidia kupunguza ulaji wao, lakini usiutegemee peke yake wakishakuwa wakubwa. Puliza jioni, upepo ukitulia. Ya viwavi iachwe majanini, ya funza imwagiliwe izame. Wingu la mvua kubwa likionekana, ahirisha.

Na wale jamaa wanaokuja kuomba nyasi zilizokatwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi waambiwe mapema, kwa upole, kwamba baada ya kupuliza hawatapewa hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite.