Somo: Kupima ukubwa wa punje za chuma kwa mwangwi

Wakuu, salaam. Wengi wetu tukishika mashine ya altrasoniki, ile inayotuma ndani ya chuma sauti isiyosikika na kuonyesha mwangwi wake kwenye skrini, tunatafuta ufa tu. Zile nywele fupi zinazochezacheza chini ya skrini tunaziona uchafu, tunazipunguza mpaka zipotee. Leo naomba tuziache zionekane, maana hizo ni punje za chuma zinaongea.

Vunja kipande cha chuma, utazame penye mvunjiko: vile vijichembe vinavyometameta ndizo punje. Kila moja imeelekea upande wake, kwa hiyo wimbi likivuka kutoka punje hadi punje, sehemu yake hutawanyika. Punje zikiwa kubwa, mwangwi unarudi umechoka. Chuma kilichopashwa moto kupita kiasi huwa hivyo, na hicho ndicho hukatika ghafla kazini.

Andaa probu (kichwa kinachotuma na kupokea sauti) ya masafa ya megahetzi 5, yaani mitetemo milioni 5 kwa sekunde, yenye kipenyo cha mm 10, venia kalipa ya kupimia unene, glisirini ya kupitisha sauti kutoka probu hadi chuma, na vipande viwili vya chuma kilekile, unene uleule: kimoja unajua punje zake ni ndogo, kingine unakitilia shaka.

Hatua ya 1. Sugua nyuso zote mbili ziwe laini na sambamba. Uso wenye mikwaruzo hutawanya sauti, kisha utazisingizia punje.

Hatua ya 2. Pima unene, paka glisirini, weka probu. Kwa mm 25, mwangwi wa kwanza hurudi baada ya mikrosekunde 8.5 hivi, kwani sauti ndani ya chuma cha pua hukimbia kama mita 5,900 kwa sekunde, na imekwenda na kurudi mm 50.

Hatua ya 3. Panga mwangwi wa kwanza ufike asilimia 80 ya skrini. Ongeza desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) mpaka wa pili nao ufike hapohapo. Ulizoongeza ndizo zilizopotea. Zikiwa 3, gawanya kwa mm 50: desibeli 0.06 kwa milimita.

Hatua ya 4. Rudia kwenye kipande kizuri, kisha toa jibu lake kwenye jibu la kile unachokitilia shaka. Hii usiiruke kabisa. Wimbi hutanuka kama mwanga wa tochi na kupungua hata pasipo punje. Vipande vyote viwili hupoteza sawa kwa njia hiyo, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ya punje.

Kwa megahetzi 5 urefu wa wimbi ni mm 1.2 hivi. Punje zikiwa ndogo sana kuliko hapo, kipenyo chake kikiongezeka mara 2, mtawanyiko huongezeka mara 8. Masafa yakiongezeka mara 2, huongezeka mara 16. Hesabu hii ya masafa ndiyo mwanafizikia Mwingereza Rayleigh aliyoitumia mwaka 1871 kueleza kwa nini anga ni la buluu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepima chuma cha kumiminwa, mwangwi sioni kabisa. Probu imekufa?

Jibu: Ijaribu kwanza kwenye kipande kizuri. Ikiwa nzima, shuka hadi megahetzi 2. Kwa hesabu ya hapo juu mtawanyiko hupungua karibu mara 39. Ila punje za kumiminwa zinaweza kuukaribia au kuuzidi urefu wa wimbi, na hapo hesabu hiyo haifai tena.

Swali: Jeli ya hospitali inafaa badala ya glisirini?

Jibu: Inafaa. Ina maji, kwa hiyo ifute mara umalizapo, chuma kisishike kutu.

Swali: Na chembe zilizo ndani ya rangi au maji ya tope?

Jibu: Inawezekana, na hapa sauti inaushinda mwanga, kwa sababu hupenya hata kioevu kizito kisichopitisha nuru. Weka probu mbili zikitazamana, pitisha masafa mbalimbali, linganisha na maji matupu. Angalia mambo mawili. Mapovu, hata madogo, humeza sauti kuliko chembe zenyewe, kwa hiyo acha kioevu kitulie. Halafu joto: ndani ya maji ya nyuzi 20 sauti hukimbia mita 1,482 kwa sekunde, kwenye nyuzi 25 ni 1,497. Kipimajoto kikae ndani ya chombo muda wote.