Osha pumba za mpunga kwa asidi kabla ya kuzichoma

Anayetengeneza silika (dioksidi ya silikoni) kutokana na pumba za mpunga na kupata majivu ya kijivu yenye punje nyeusi, asiongeze saa za tanuru. Aoshe pumba kwanza. Gramu 10 kwa mililita 100 za asidi ya hidrokloriki ya molari 1 (moli 1 kwa lita), nyuzi 90 kwa saa 2, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Suuza hadi pH (kipimo cha asidi) ifike karibu na 6, kausha kwa nyuzi 110, kisha choma kwa nyuzi 600 saa 4. Potasiamu iliyomo kwenye pumba ndiyo mchawi: huyeyusha uso wa silika na kufungia kaboni ndani, oksijeni isiifikie. Ukitaka silika-kaboni (mchanganyiko wa silika na kaboni), bado osha, ila choma ndani ya naitrojeni.

Kuosha hakusaidii kwa majivu ya tanuru la matofali, kaboni imeshafungiwa. Na usisuuzie maji ya kisima, hasa haya yetu ya Dar yenye chumvi: unarudisha sodiamu na kalisi ulizoziondoa. Tumia yaliyokenekwa. Kwenye grafu ya mtawanyiko wa eksirei (XRD, huonyesha mpangilio wa atomi) tafuta kilima kipana karibu na digrii 22 za pembe ya 2θ: hiyo ni silika isiyo fuwele. Kikiwa kimechongoka, silika imeshakuwa fuwele.