Kabla hujahamia Texas, uliza kwanza maji yanapita wapi

Kila baada ya muda kuna kijana ananitumia voisi, "anko nimepata kazi Houston, nitafutie mtaa wenye nyumba za bei poa", na mimi namjibu swali kwa swali, huo mtaa mvua ikipiga siku mbili maji yake yanaenda wapi? Wanaona natania au nimezeeka. Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja, anayejiandaa kuja asome kabla hajalipa dipoziti, maana hii jimbo ukiingia na ramani ya kichwani mwako tu utaumia, na hutakuwa wa kwanza.

Anza na ukubwa. Texas ni kama kilomita za mraba 695,000, yaani Kenya nzima inaingia na chenji inabaki, ingawa Tanzania yetu bado inaipita. Sasa mtu anakwambia "nina shemeji yangu El Paso atanipokea Houston", aisee, hiyo ni sawasawa na kumwambia mtu wa Mwanza atoke akakupokee Dar, ni kilomita kama 1,200, na El Paso iko karibu zaidi na San Diego kule California kuliko Houston, hata saa zao ziko nyuma kwa lisaa limoja. Kwa hiyo usiseme "nahamia Texas", sema unahamia Texas ipi. Mashariki upande wa Louisiana mvua inafika milimita 1,500 kwa mwaka, misitu, mabwawa, mbu kama wa Rufiji, halafu ukienda magharibi inapungua inapungua mpaka El Paso unakuta milimita kama 230 tu, jangwa na milima. Nguo, gari, bili ya maji, hata mboga utakayoweza kupanda nyuma ya nyumba, vyote vinategemea umeangukia upande gani.

Mambo ya historia naomba usiyaruke, hapa historia ndio ramani ya hatari. Mhispania Álvarez de Pineda alipita na meli kwenye hii pwani ya Texas mwaka 1519 akaichora, vizuri, lakini kuchora ukiwa ndani ya meli na kuishi ni vitu viwili. Mwaka 1528 wakaja Wahispania wengine, kina Cabeza de Vaca, kwa mitumbwi ya kuungaunga, bahari ikawatupa kwenye kisiwa maeneo ya Galveston, watu kama 80 hivi, baridi na njaa ikawachapa, mpaka hali ya hewa inatulia walikuwa wamebaki kama 15. Wenyewe kisiwa wakakiita Malhado, kama kusema kisiwa cha mkosi. Mwisho wa yote walifika Meksiko wanne, mwaka 1536, tena sehemu kubwa kwa miguu, na mmoja wao alikuwa Mwafrika, Estevanico, mtu wa Azemmour huko Moroko aliyekuwa mtumwa. Watu wetu wengi hapa hawamjui kabisa, wanadhani Mwafrika Texas kaja na pamba. Na wakati hao wageni wanakufa njaa, wenyeji wa pwani, Wakarankawa na wenzao, walikuwa wanaishi palepale, ila wao walikuwa wanahamahama kwa msimu kati ya pwani na bara, hakuna aliyejenga nyumba ya kudumu juu ya mchanga.

Mfaransa naye, La Salle, alikuwa anatafuta mdomo wa mto Mississippi, akaupita kwa mamia ya kilomita akaingia Ghuba ya Matagorda mwaka 1685. Meli moja ikakwama pale kwenye mlango wa ghuba na mizigo yake, nyingine, La Belle, ikazama mwaka uliofuata, yeye mwenyewe akauliwa na watu wake 1687. Ile La Belle waliikuta kwenye tope mwaka 1995 na sasa mabaki yake yako makumbusho ya Austin, nenda ukaione, mbao nyeusi tii, na ni ndogo kuliko unavyodhani, unajiuliza hawa watu walivuka bahari na hiki? Mimi nilisimama pale nikakumbuka GPS iliyonipeleka mtaa wenye jina lilelile lakini mji mwingine, saa nne mbali na intavyuu yangu. Texas majina yanajirudia sana, angalia zip kodi (namba ya posta ya eneo) na kaunti, ziko kaunti 254.

Wahispania walipoamua kukaa kweli hawakukaa pwani. San Antonio, 1718, waliiweka kwenye chemchemi na mto, wakachimba mifereji ya kumwagilia, na mji upo mpaka leo. Baada ya Meksiko kupata uhuru 1821 akaja Stephen F. Austin na zile familia zake 300 za Wamarekani, wao wakachagua mabonde ya mto Brazos na Colorado kwa sababu ya udongo wa pamba, na pamba maana yake walikuja na watumwa, Meksiko ikapiga marufuku utumwa 1829 na mwaka uliofuata ikajaribu kuzuia Wamarekani wasizidi kuingia, vita ikaanza 1835, mwaka uliofuata Texas ikawa nchi yake yenyewe mpaka ilipoingia Marekani mwisho wa 1845. Walipoingia walibaki na ardhi yao, haikwenda kwa serikali ya shirikisho, wakaigawa na kuiuza, ndio maana leo zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya huku ni ya watu binafsi. Maana yake kwako: usiruke fensi ya mtu eti unapiga picha ng'ombe. Hapa sio kijijini kwenu ambako unakata njia shambani kwa watu na salamu juu. Fukwe ndio za watu wote, kuna sheria yake tangu 1959.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Wajerumani wengi walioingia kuanzia 1844 walishukia palepale Matagorda, pakaota mji wa bandari unaitwa Indianola, ukachangamka ukawa unashindana na Galveston. Kimbunga 1875 kikaubomoa, wakajenga tena, kingine 1886 kikamaliza kazi, watu wakahama jumla. Leo ukienda hakuna mji. Wale Wajerumani waliosonga bara mpaka New Braunfels na Fredericksburg ndio wajukuu zao wapo.

Galveston yenyewe, mtaalamu wa hali ya hewa wa serikali, Isaac Cline, aliandika gazetini mwaka 1891 kwamba kuogopa kimbunga kuuharibu vibaya ule mji ni upuuzi. Sehemu ya juu kabisa ya mji ilikuwa haifiki mita 3 kutoka usawa wa bahari. Septemba 8, 1900, kimbunga kikaja, bahari ikapanda zaidi ya mita 4, wakafa watu wasiopungua 6,000, na mke wa Cline akiwa mmoja wao. Baada ya hapo wakajenga ukuta wa baharini na kuinua sehemu kubwa ya mji, nyumba zinanyanyuliwa kwa jeki, mchanga unapampiwa chini yake, fikiria Kariakoo inanyanyuliwa na watu bado wanaishi humo. Na pesa nyingi ikahamia bara, Houston, wakachimba mfereji wa meli ukafunguliwa 1914.

Ila Houston nako sio kilimani, ni tambarare kama meza, na imekatwakatwa na vijito wanaita bayou, maji yanatembea kizembe kweli. Kule magharibi ya jiji kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yalijengwa miaka ya 1940 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, kazi yake kuzuia maji mvua ikizidi, siku nyingine makavu kabisa, basi watu wakajenga mitaa mpaka ndani ya eneo ambalo maji yanatakiwa yajae. Kimbunga Harvey kilipokuja Agosti 2017, pale Nederland karibu na Beaumont ilinyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa siku chache, Dar inapata kama 1,100 kwa mwaka mzima! Mabwawa yakajaa, nyumba zikaingia maji, na wengi hawakuwahi kujua kama wanaishi ndani ya bwawa.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga graundi floo karibu na bayou, bei chee, nikajiona mjanja. Ukutani kulikuwa na mstari usawa wa kiuno, chini rangi mpya juu rangi ya zamani, mke wangu akasema urembo gani huu, nikamwambia staili ya kizungu hiyo. Kumbe huku nyumba ikiingia maji wanakata ubao wa ukuta mpaka pale yalipofika wanabandika mpya, ule mstari ulikuwa wa mafuriko ya mwaka mmoja nyuma. Mwenye nyumba hakusema kitu. Harvey ikatukuta na ule mstari wetu, tukatoka na begi la vyeti na watoto mgongoni.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba: angalia kuta kwa chini, nusa kabati na gereji, chungulia nyuma ya friji. Tangu 2022 sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akupe karatasi ya kusema kama iko eneo la mafuriko na kama iliingia maji ndani ya miaka mitano iliyopita, idai hiyo karatasi kabla ya kusaini. Ingia ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa, weka anwani, ni bure, halafu usiiamini peke yake, muulize jirani mzee anayekaa barazani maana huyo anajua maji yalifika ngazi ya ngapi. Bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji hailipi mafuriko, unakata nyingine, na ile ya serikali kwa kawaida inasubiri siku 30 ndio ianze kazi, ukiikata kimbunga kishaonekana kwenye tivii umechelewa. Msimu ni Juni mpaka mwisho wa Novemba. Na usidharau kimbunga cha daraja la kwanza, yaani la chini kabisa, Beryl ya Julai 2024 ilikuwa daraja hilohilo ikaacha wateja zaidi ya milioni mbili wa umeme gizani, joto la huku, na watoto, we acha tu.

Anayesema "mimi naenda vilimani, sina shida" asikilize. Kule juu ya San Antonio na Austin udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa chokaa, mvua haizami, inakimbilia mtoni yote. Julai 4, 2025 mto Guadalupe ulipanda alfajiri ukaua watu zaidi ya 100. Ukipanga karibu na mto, jua njia ya kupanda juu kwa miguu, gizani. Na gari usiliingize kwenye maji yanayopita barabarani hata kama pikapu ya mbele imepita.

Baridi nayo. Februari 2021 umeme ulikatika kwenye nyumba na biashara zaidi ya milioni nne, kwa sababu gridi ya Texas, yaani mtandao wake wa umeme, imejitenga na za wenzake, mitambo ikaganda na kuomba umeme kwa jirani ikawa haiwezekani sana. El Paso iliyofungwa kwenye gridi ya magharibi ilipona kwa kiasi kikubwa. Sisi tulilala wote chumba kimoja na makoti, uji tunapika nje kwenye jiko la nyama choma. NJE, nasisitiza, watu walikufa kwa hewa ya sumu ya mkaa, jenereta na magari waliyowasha gereji.

Makaratasi ni mepesi: gari ulilokuja nalo siku 30 uwe umesajili, leseni siku 90. Kodi ya mapato ya jimbo hakuna, ila kodi ya nyumba itakutoa jasho.

Mlangoni kwangu sasa kuna begi: vyeti vyote kwenye nailoni, dawa za mama, tochi, pawabanki, keshi ya noti ndogondogo. Viatu vya mvua vya watoto nabadilisha kila Mei, maana miguu inakua.