Ukitaka kupinga ada mpya ya leseni ya kaunti, anza na tarehe

Nina duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka ambao leseni ilipanda maradufu nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha wafanyabiashara. Kikao cha kwanza wimbo ulikuwa mmoja: pesa ni nyingi mno! Wakili tuliyemwendea alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akauliza, "Wananchi waliitwa lini kuujadili mswada wa ada hii?" Tukabaki kutazamana.

Anzia hapo. Leseni za biashara ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya, kwa hiyo ukienda kudai kaunti haina haki ya kutoza, umepoteza nauli. Lakini kifungu cha 210 hakiruhusu ada ya leseni isiyotokana na sheria, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Mwaka 2014 Jaji Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, yaani sheria ya kaunti inayoweka ada, katika kesi ya Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa chukua ilani uliyoletewa na kanjo, askari wa kaunti, uisome pole pole. Yetu ilitaja "Sheria ya Fedha" bila mwaka. Mwandikie karani wa bunge la kaunti umwombe nakala ya gazeti rasmi lenye sheria hiyo, tangazo la mkutano wa wananchi, orodha ya waliohudhuria na ripoti ya kamati. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Usiondoke bila muhuri, hata wakikwambia mwenye nao ameenda chai. Wakinyamaza, lalamika kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Sisi tulijibiwa. Tangazo lilitoka gazetini Jumanne, mkutano ukafanyika Jumatano asubuhi, kwenye ukumbi ulio mbali na soko letu. Orodha ilikuwa na majina 31. Kuanzia la 9 hadi la 20 mwandiko ulikuwa mmoja, biro ya kijani, herufi g yenye mkia ule ule. Wakili alicheka peke yake.

Hata hivyo msikimbilie korti. Sheria ya 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya ofisi za umma inataka njia za ndani zimalizwe kwanza. Katieni rufaa katika ofisi ya biashara, na mpeleke malalamiko rasmi katika bunge la kaunti. Barua zote hizo zitunze.

Wakati huo duka lako je? Wengi hugoma kulipa, kufuli likatiwa mlangoni. Mimi nililipa, nikaambatisha barua kwamba nalipa huku nikipinga. Wenzangu waliniita msaliti. Jirani yangu aliyegoma alifungiwa siku tatu, akapoteza zaidi ya hiyo leseni yenyewe.

Kesi huenda Mahakama Kuu, chini ya kifungu cha 22, pamoja na ombi la amri ya muda ya kusimamisha ada. Chagueni waombaji wawili watatu ambao leseni zao za nyuma hazina deni. Hati ya kiapo isiwe ya hasira: sema unauza nini, ulikuwa ukilipa ngapi, sasa unadaiwa ngapi, ulijua lini. Jaji anaweza kuacha kila upande ubebe gharama zake kesi ikiwa ya maslahi ya umma, ila pesa hizo msizihesabu kama ziko mfukoni.

Mkipata amri, pigeni nakala za kutosha, kila mtu aibandike kando ya leseni. Kanjo wa zamu ya asubuhi hana habari na ya korti ya jana. Aliyekuja kwangu aliisoma mara mbili, akapiga simu, akashika njia.